Aliyebebwa Kutoka Machimboni

Namba ya kwanza isiyoeleweka ilikuwa mia na sitini na nane. Ilijitokeza Jumanne, saa saba mchana, jua likiwa kali nje, wakati mwenye moyo wenyewe alikuwa amelala usingizi wa pono.

Mwenye moyo huyo alikuwa mwoka mikate. Wenzake wa kikundi cha mbio walimwita Pumzi, kwa sababu hawajapata kumwona akihema kwa kinywa. Kazi yake ilikuwa ya usiku, kukanda na kupanga trei mpaka mikate ya kwanza itoke alfajiri. Saa mbili asubuhi alirudi nyumbani ananukia hamira, akaoga, akalala. Saa tisa aliamka, na saa kumi alikuwa ameshavaa raba anakwenda kukimbia. Alikuwa akijiandaa kwa mbio za kilomita arobaini na mbili, za kwanza maishani mwake, na jambo hilo alikuwa ameling'ang'ania kama kupe.

Saa ya mkononi ilikuwa wazo la kocha. "Mbio zinaubomoa mwili," kocha alipenda kuwaambia. "Kinachoujenga ni usingizi. Msipojua mmepumzika kiasi gani, mnajenga nyumba gizani." Basi Pumzi akapata saa ya kuhesabu mapigo ya moyo, akawa halali bila hiyo, na kila akiamka simu humwambia mwili wake umerudi kwa kiasi gani. Tisini kwa mia, kimbia. Sitini, nenda polepole. Chini ya hapo, kaa kitako. Moyo wake akiwa usingizini ulipiga hamsini na mbili kwa dakika, na hamsini na mbili hiyo aliitaja kwa watu kama mzazi anavyotaja alama za mwanawe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea sebuleni, karibu na dirisha, na kati yake na mume aliyelala palikuwa na mlango mmoja mwembamba. Miaka sita ya ndoa ilikuwa imemfundisha kukanyaga cherehani taratibu.

"Hebu njoo uone," Pumzi alimwita Jumanne ile, amekaa kitandani na simu mkononi. "Eti saa saba nilikuwa nakimbia."

Fundi akachungulia. Mstari wa moyo ulikwenda chini kwa chini, umetulia, halafu saa saba kamili ukapanda wima kama ukuta. Ulikaa huko juu dakika arobaini.

"Labda uliota."

"Sijaota kitu mimi."

"Basi imeharibika. Lete hapa." Akaivaa yeye. Sabini na nne. Akapanda na kushuka kwenye stuli mara ishirini, Pumzi anacheka na kumhesabia, ikasoma mia na kumi. Saa ilikuwa nzima.

Jumatano ikawa mia na sabini na moja. Alhamisi ukuta ule ulidumu dakika hamsini. Namba ya kupona ikateremka, sitini, arobaini na nne, thelathini, na Pumzi naye akateremka nayo. Macho yaliingia ndani. Akiwa kazini aliunguza trei tatu za mikate, jambo ambalo halijamtokea tangu alipokuwa anajifunza. Kocha akamwambia aache mazoezi wiki nzima, naye akatii. Ajabu ni kwamba kadiri alivyopumzika ndivyo alivyozidi kuchoka. Daktari alimpima moyo kwa nyaya, akamwambia hajaona kasoro, ila unapiga kama moyo wa mtu aliyemaliza mbio sasa hivi.

"Umekimbia kuja hapa?" daktari aliuliza.

"Nimekaa kwenye benchi lako kwa saa mbili," Pumzi akajibu.

Ijumaa ya wiki ya pili fundi alikuwa anashona upindo wa gauni la mteja. Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa saba kwa dakika chache. Barabarani watu walikuwa wakipita, mtu anacheka, pikipiki inakataa kuwaka. Ndipo akasikia hatua. Zilikuwa hatua za mtu asiye na viatu, pa, pa, pa, pa, za haraka na zenye mpangilio, kama za mtu anayekimbia akijua anakwenda mbali. Aliinua mguu kwenye cherehani. Hatua zikaendelea. Zilitoka chumbani, na chumba kile kilikuwa kidogo mno, hakuna mahali pa kukimbilia hatua tatu bila kugonga kabati.

"Umeamka?" akauliza kwa sauti ya chini.

Hakujibiwa. Kilichomjia ni harufu, ikipenya chini ya mlango, harufu ya jiwe lililopasuliwa likamwagiwa maji.

Akausukuma mlango, akaingia. Mumewe alikuwa amelala chali, mikono kifuani, uso umetulia kama wa mtu asiyedaiwa na ulimwengu, na kifua hakikuonekana kupanda wala kushuka. Lakini mle chumbani kulikuwa na mtu anahema, anahema kwa kinywa wazi, kwa raha, karibu kabisa na mto, juu kidogo ya kichwa cha mumewe, pale palipokuwa na ukuta mtupu na joto linalotoka ukutani likimpiga fundi usoni kama pumzi ya tanuri. Na nyayo za mumewe, ambazo asubuhi ile aliziosha kwa sabuni fundi akitazama, zilikuwa nyeupe kwa vumbi la mawe mpaka vifundoni. Na taa ndogo ya kijani chini ya ile saa ilikuwa inapepesa, inapepesa, haishiki. Na alipoweka kiganja chake juu ya kifua kile ili amtikise, ndipo alipotambua kwamba hatua hazikuwa zikitoka sakafuni wala ukutani, zilikuwa zinatoka chini ya kiganja chake.

Hakupiga kelele. Alikaa vile vile na mkono juu ya kifua cha mumewe mpaka hatua zilipopungua, zikawa za mtu anayetembea, zikakoma. Pumzi akafumbua macho.

"Mbona unalia?" akauliza, kisha akalalamika, "Miguu inaniuma."

Fundi akamwonyesha vumbi. Pumzi alipitisha kidole kwenye nyayo zake, akanusa. Rangi ikamtoka usoni.

"Hili vumbi nalijua," akasema.

Ikabidi aseme. Jumatatu, siku moja kabla ya ile namba ya kwanza, alikuwa amekimbia peke yake kupitia machimbo ya kokoto yaliyoachwa, nje ya mji, kwenye bwawa la maji ya mvua. Alipofika ukingoni alisikia mtu anakimbia nyuma yake. Alidhani ni mwenzake wa kikundi amemfuata kwa utani. Bila kugeuka akamtupia neno: "Ukinishika nitakubeba mgongoni mpaka nyumbani." Yule wa nyuma akacheka. Pumzi akaongeza mwendo, na yule akaongeza. Kisha kitu kikamgusa shingoni, baridi kama kitambaa kibichi. Aligeuka, hakuna mtu. Maji tu na mawe.

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba nimesikia hatua? Mwenyewe ungenicheka."

Kweli angemcheka. Mzaha mzaha hutumbua usaha, na wao usaha ulikuwa umeshatumbuka kitandani.

Shangazi yake Pumzi alikuwa mkandaji. Watu walimletea migongo, shingo na vifundo vilivyoteguka, na wachache walimletea mambo mengine, ambayo hakuyazungumza hovyo. Siku ya pili asubuhi walikwenda kwake. Fundi alitoa salamu, "Shikamoo shangazi," na yule mama akaitika marahaba huku macho yake yakipita bega la mpwa wake, yanatazama nyuma, kama anayengoja mtu wa tatu aingie ndipo afunge mlango.

Akamlaza Pumzi kifudifudi kwenye mkeka, akapaka mafuta, akaanza na misuli ya miguu. Akapanda mapajani, kiunoni. Alipofika katikati ya mabega mikono yake ikasimama.

"Huyu anabeba," akasema taratibu.

"Anabeba nini, shangazi?"

"Mwanangu, ukimkanda mtu unajua uzito wake. Hapa nakanda wawili." Akafuta mafuta mikononi, akasogea pembeni ya chumba, akamvuta fundi karibu na kunong'ona. "Wako viumbe wenye hamu ya kukimbia. Miguu wanayo, moyo hawana. Wanapanda moyo wa mtu. Moyo ukienda mbio ndipo wanapopata pa kushika, na wakishashika wanaukimbiza wao hata mwenyewe akilala. Ukitulia sana, mikono inateleza."

"Atamfanya nini?"

"Hana nia mbaya naye. Ndiyo maana atamuua. Mwenye nia mbaya angejua kikomo."

Fundi akamtazama mumewe mkekani. Akauliza la kufanya. Shangazi akaeleza: Pumzi alikuwa ameahidi kwa neno, kwa hiyo amrudishe alipompakia na amshushe kwa neno. Waende kwa miguu, saa ile ile anayoipenda mwenyewe, saa saba mchana. Na njia nzima, mpaka neno la mwisho, moyo wa Pumzi usiende mbio. Ukienda mbio pale ukingoni, hatashuka tena.

"Usiende mbio kiasi gani?"

Shangazi hakuwa mtu wa namba. Akapiga paja lake kwa kiganja, taratibu, pa, pa, pa. Fundi akatazama saa ya mumewe na kuhesabu mapigo mpaka dakika ikatimia. Tisini.

"Isizidi tisini," akasema.

"Wewe ndiye utakayeishika hiyo," shangazi akamwambia. "Yeye asiitazame. Mtu akiitazama hofu yake, inazaa."

Wakaondoka saa sita. Fundi alimshika mumewe mkono wa kushoto, ule wenye saa, akautegemeza kwenye kiwiko chake kama wachumba. Waliokutana nao walitabasamu. Mpaka nyumba zilipoisha saa ilisoma sabini na tano, sabini na nane. Wakapita gereji ya mwisho, wakapita ukuta wa ghala, njia ikawa ya changarawe na watu wakaisha.

"Ngapi?" Pumzi akauliza.

"Usiniulize."

"Nasikia kama kuna mtu nyuma."

"Na mimi nasikia. Tembea."

Zilikuwa hatua za miguu mitupu, ziko nyuma yao kiasi cha mtu kunyoosha mkono. Zilipowazoea zikaanza kukimbia mahali pamoja, bila kuwapita, kama mwanariadha anayepasha misuli moto. Themanini na mbili. Themanini na tano. Harufu ya jiwe lililolowa ikawajia kabla machimbo hayajaonekana.

"Niambie unavyokanda mkate," fundi akasema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Tangu mwanzo. Mimi sijui kitu."

Pumzi akameza mate. "Unachekecha unga. Unatia chumvi pembeni, hamira pembeni, visikutane mapema. Maji ya uvuguvugu, siyo ya moto. Unakanda mpaka donge liache kushika mikono."

"Halafu?"

"Halafu unaliacha. Unalifunika, unaliacha lipumzike. Watu wengi wanaharibu hapo, wana haraka."

Themanini na tatu. Themanini.

Ndipo sauti ya kocha ikatoka nyuma yao, sauti yenyewe ya uwanjani, na ule mkwaruzo wake wa koo. "Pumzi. Mita mia zimebaki. Unamwacha akupite? Sukuma." Fundi akaona namba ikiruka mbele ya macho yake, themanini na tisa, na mkono wa mumewe ukakakamaa, na goti lake likainuka lenyewe kama la mtu anayetaka kuondoka, na sauti ikasogea ikawa sikioni, inabembeleza sasa, inasema njia ni nzuri leo, upepo uko mgongoni, hukuzaliwa kuchoma mikate wewe, na fundi akambana mkono ule kwa nguvu zake zote na kumnong'oneza, "Linapumzika muda gani? Donge. Linapumzika muda gani?" na Pumzi, meno yakigongana, akajibu, "Saa moja. Kukiwa na baridi, saa moja na nusu," na namba ikatetemeka pale pale kwenye tisini kwa muda ambao fundi hakuweza kuupima, kisha ikaanguka themanini na saba.

Walikuwa wamefika ukingoni. Bwawa lilikuwa limetulia, la kijivu.

"Sema," fundi akasema.

Pumzi akafumba macho, akavuta pumzi puani, akaitoa. Themanini na nne. "Ulinishika, nikakubeba," akasema. "Nimekufikisha nyumbani, nimekurudisha. Shuka."

Mabega yake yakainuka, kama ya mtu anayetua gunia. Palikuwa kimya. Saa ikasoma sabini na tisa, sabini na mbili, sitini na sita, namba ambayo fundi hakuwa ameiona kwa karibu wiki mbili, na Pumzi akaanza kulia bila sauti, machozi ya mtu aliyechoka tu.

Fundi alitaka kumkumbatia. Wakati huo huo akausikia moyo wake mwenyewe. Ulikuwa unapiga kama mlango unaogongwa na watu wengi. Ulikuwa umepiga hivyo tangu gereji ya mwisho, njia nzima, na hakuna aliyekuwa akiuhesabu. Kisha kitu kikamgusa shingoni, baridi kama kitambaa kibichi, na uzito ukapanda taratibu, bega moja, bega la pili.

Akafungua kinywa. Akamtazama mumewe. Kama angepiga ukelele pale, moyo wa Pumzi ungeruka, na kile kitu kilikuwa bado ukingoni, kinachagua. Akafunga kinywa.

"Twende nyumbani," akamwambia. "Ukalale."

Pumzi alilala kwa muda wa saa kumi na moja. Moyo wake ukashuka mpaka hamsini na nane, siku ya tatu hamsini na tano, siku ya kumi hamsini na mbili. Simu ikamwambia mwili wake uko tayari. Kocha akafurahi. Miezi miwili baadaye alikimbia zile kilomita arobaini na mbili mpaka mwisho, akarudi na medali, anachechemea na kucheka peke yake. Fundi hakwenda kumtazama. Alisema ana kazi ya watu ya kumaliza.

Aliyeambiwa ukweli ni shangazi peke yake. Mkandaji yule alimgusa mabegani kwa ncha za vidole, akakaa chini.

"Mimi ndiye mwenye makosa," akasema. "Nilikuambia uushike moyo wake, wako nikausahau."

"Nami nimrudishe machimboni, shangazi. Nimwambie ashuke."

"Wewe hukumpandisha kwa neno, mwanangu. Neno halitamshusha." Akamkalisha mkekani. "Mnyime pa kushika. Kaa kwa utulivu, usiende mbio kwa lolote. Akichoka kungoja ataondoka mwenyewe."

"Atachoka lini?"

Shangazi akamshika mkono.

Basi fundi akajifunza utulivu. Hakupanda ngazi bila kupumzika katikati. Mteja akimtukana kwa nguo iliyobana, alimsikiliza mpaka amalize, akachukua tepu na kumpima upya. Kichekesho kikichekesha sana, aliondoka chumbani. Hata mumewe alimpokea kitandani kwa uangalifu, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa mpaka ukingoni. Mchana saa saba alikaa ameweka mikono juu ya cherehani, akavuta pumzi puani, na ule uzito mabegani mwake ulijisogeza, ukatafuta, ukakosa. Mtaa mzima ukamsifu. Walisema fundi huyu amejaliwa subira, sijui ameitoa wapi. Wengine walileta binti zao wajifunze kwake, siyo kushona, bali kukaa na watu.

Akakaa hivyo miezi mitano. Wa sita ulipoanza alikwenda kliniki, kwa kuwa siku zake zilikuwa zimepita, na mkunga wa pale akamlaza na kumpapasa, akacheka. Ujauzito huo walikuwa wameungoja miaka sita. Fundi alipoambiwa alifumba macho na kuhesabu pumzi zake, moja, mbili, tatu, furaha ikapita juu kama wingu bila kumlowesha, na moyo wake haukuondoka kwenye sabini.

"Wewe ni mtulivu sana," mkunga akasema. "Wengine hapa wananivunjia kitanda." Akampaka kitu cha ubaridi tumboni, akaweka kipimo, akakisogeza huku na huku. "Tulia tumsikie."

Chumba kikajaa sauti. Ilikuwa ndogo, ya haraka, yenye mpangilio, pa, pa, pa, pa, bila kituo.

"Mia na hamsini na mbili," mkunga akasoma. Akauona uso wa fundi, akampapasa mkono. "Usiogope. Ndivyo ilivyo kwa wote, mama. Moyo wa mtoto unakimbia mchana na usiku, haupumziki."

Fundi alikuwa anasikiliza mabega yake. Kwa mara ya kwanza tangu machimboni, yalikuwa mepesi.